Ada kwa Miaka ya Kazi: Tathmini ya Mkataba wa Ufadhili wa Wauguzi katika Hospitali Moja ya Tabora

Hospitali kadhaa za mashirika ya dini katika ukanda wetu wa magharibi huwafadhili wauguzi wao wa ngazi ya cheti wakasome stashahada, kwa sharti kwamba wakihitimu watarudi kuitumikia hospitali kwa muda uliokubaliwa. Ninayoitathmini hapa ni mojawapo, iliyoko mkoani Tabora, na sitaitaja jina kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema hayatawapendeza wakubwa wake na mdogo wangu bado anafanya kazi humo. Mimi ni muuguzi niliyesoma kwa ufadhili wa hospitali hiyo hiyo, nikamaliza muda wangu, nikaondoka kwa amani. Safari hii mdogo wangu ndiye aliyepewa fomu, ikiwa imeambatanishwa na mkataba mrefu kuliko ule niliousaini mimi, naye akaniletea nikiwa na chai mkononi akisema, "Dada, hebu usome huu kwanza, mimi maneno ya kisheria yananichosha."

Utaratibu wenyewe ni huu. Hospitali haina chuo chake, kwa hiyo mwombaji hujitafutia nafasi katika chuo kilichosajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na mafunzo ya kati, na kinachotambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Akipata nafasi hupewa ruhusa ya masomo na kuendelea kupokea nusu ya mshahara wake. Ada huilipa mwenyewe kwanza. Kila mwisho wa mwaka wa masomo huwasilisha stakabadhi na matokeo kwa katibu wa hospitali, na endapo amefaulu masomo yote hurudishiwa kiasi alicholipa. Kila mwaka mmoja uliofadhiliwa unalipwa kwa miaka miwili ya kazi.

Sifa inayostahili kutolewa nitaitoa mapema. Hiyo nusu ya mshahara ni jambo kubwa, kwani wapo waajiri ambao hutoa ruhusa tupu na kumwacha mtumishi ale kwa ndugu. Usaili nao ulikuwa wa haki: orodha ya waliochaguliwa ilibandikwa ubaoni pamoja na sababu, na matroni aliwaeleza waliokosa nini wakiboreshe.

Tatizo linaanzia kwenye utaratibu wa kulipa kwanza na kurudishiwa baadaye. Katika familia nyingi za Urambo, Kaliua na Sikonge, ambako tumbaku ndiyo inayolipa karo, fedha huingia katikati ya mwaka soko likishafunguliwa, ilhali vyuo vya afya hudai ada Septemba au Oktoba, wakati mkulima ameshalipa madeni ya pembejeo na anaanza kuandaa vitalu vya msimu unaofuata. Muuguzi wa cheti asiye na akiba hulazimika kukopa VICOBA au SACCOS, na riba atakayolipa kwa mwaka mzima akisubiri kurudishiwa haimo katika stakabadhi yoyote ambayo katibu ataipokea. Juu ya hilo, hospitali za namna hii hutegemea sana malipo ya bima ya afya, na bima ikichelewa kulipa, fedha za mafunzo ndizo za kwanza kuahirishwa. Mkataba hausemi hospitali itarudisha ada ndani ya siku ngapi. Unasema tu kwamba itarudisha "kwa kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu", maneno ambayo yangeondolewa bila huruma kama mwenye kudaiwa angekuwa muuguzi.

Kifungu cha ufaulu nacho ni kikali kupita kiasi. Mwanafunzi aliyerudia mtihani wa somo moja na kulifaulu kabla ya mwaka mpya kuanza huhesabiwa kuwa hakufaulu masomo yote, na hupoteza marejesho ya mwaka mzima. Aliyewahi kukaa wodini zamu za usiku huku akisoma anajua kwamba somo moja linaweza kumponyoka mtu yeyote.

Vilevile, kinachorudishwa ni ada peke yake. Hosteli, chakula, sare, vitabu, vifaa vya mafunzo kwa vitendo, nauli ya kwenda kituo cha mafunzo, mtihani wa leseni wa Baraza na gharama za leseni yenyewe vyote hubaki kwa mwanafunzi. Anayesoma mbali na Tabora asishangae akikuta kwamba ada ni sehemu ndogo tu ya fedha alizotumia.

Sasa tupige hesabu, maana mkataba wa aina hii hauwezi kupimwa kwa hisia. Tuchukue ada ya shilingi milioni moja na nusu kwa mwaka, kwa mfano tu. Mwaka huo mmoja unatumikiwa kwa miezi 24, maana yake kila mwezi wa kazi unafuta shilingi 62,500. Hiyo ndiyo bei ambayo hospitali inalipa ili usihame. Kama mwajiri mwingine unayeweza kumpata angekulipa zaidi ya mshahara wako kwa kiasi kinachozidi 62,500 kwa mwezi, ukijumlisha na posho, basi ufadhili huu unakugharimu badala ya kukusaidia. Na kama tofauti hiyo ni ndogo, au mwajiri huyo mwingine yupo kwenye matumaini tu, basi unapata faida. Nilimweleza mdogo wangu hivyo, akaniuliza kama nusu ya mshahara wakati wa masomo isiingizwe kwenye hesabu. Iingizwe, na ndiyo inayouokoa mkataba huu, kwa sababu kwa mtu mwenye watoto wawili shuleni kipato kisichokatika ni cha thamani kuliko ada yenyewe.

Kifungu nilichokisoma mara nyingi zaidi ni kile cha kuondoka kabla ya muda. Mkataba wangu wa zamani ulisema deni litapungua kwa kadiri ya miezi iliyotumikiwa. Mkataba mpya unasema mtumishi atakayeacha kazi kabla ya kumaliza muda atarudisha "gharama zote za ufadhili" kwa mkupuo. Kwa mfano wetu ule, aliyefadhiliwa miaka miwili kwa shilingi milioni tatu anadaiwa miezi 48. Akiondoka baada ya miezi 30, haki ni alipe miezi 18 iliyobaki, yaani shilingi 1,125,000. Kwa maneno ya mkataba mpya atatakiwa kulipa milioni tatu kamili, kana kwamba ile miaka miwili na nusu hakuwahi kukesha na mgonjwa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inatamka kwamba pale kiasi cha adhabu kinapoandikwa katika mkataba, aliyevunjiwa hupewa fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho. Kuandikwa tu hakumpi haki ya kukichukua chote. Kwa hiyo kipo cha kubishania. Lakini kubishana kunahitaji muda, nauli na moyo, na muuguzi anayetaka kuhama huwa hana hata kimoja kati ya hivyo. Ni nafuu kurekebisha sentensi moja leo.

Tulikwenda kwa katibu. Alitupokea vizuri, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada yangu, nyinyi mnasoma, halafu ajira za serikali zikitangazwa tunabaki na wodi tupu. Tufanyeje?" Malalamiko yake ni ya kweli. Kila serikali inapotangaza nafasi za afya, hospitali za mashirika ya dini hupoteza watumishi waliozoea kazi, na waliogharamiwa ndio wa kwanza kupata nafasi kwa kuwa wana sifa. Hata hivyo nilimjibu kwamba kufuta miezi iliyokwisha kutumikiwa hakumzuii mtu kuondoka. Kunamshawishi aondoke mapema, kwani aliyetumikia miezi mitatu na aliyetumikia miezi arobaini wanalipa sawa. Alikubali deni lipungue kwa mwezi, na akaandika hivyo kwa mkono pembeni mwa kifungu, akaweka sahihi na mhuri.

Kifungu cha kuhesabu muda nacho kilihitaji marekebisho. Mkataba unasema miezi itaanza kuhesabiwa siku mtumishi atakapowasilisha leseni ya Baraza, na kwamba likizo yoyote inayozidi siku 30 itasimamisha hesabu. Hilo la kwanza naweza kulivumilia, ingawa mtu anaweza kurudi wodini na kufanya kazi kwa wiki nyingi akisubiri leseni. La pili silikubali. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84 kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Katika kazi ambayo wengi wetu ni wanawake, kifungu hicho kinaongeza karibu miezi mitatu ya kifungo kwa kila mtoto anayezaliwa, na kimewekwa na hospitali inayojivunia wodi yake ya wazazi. Katibu alisema atalipeleka kwa bodi. Bado hatujapata jibu.

Hospitali inataka pia vyeti halisi vikae ofisini kwake hadi muda uishe. Nilishauri mdogo wangu akatae, atoe nakala zilizothibitishwa, naye alikataa, na hakuna aliyemlazimisha. Kuhusu makato ya mshahara, sheria hiyo ya 2004 hairuhusu mwajiri kukata deni bila mtumishi kuridhia kwa maandishi. Basi ajue anayesaini kwamba ridhaa hiyo imo tayari ndani ya mkataba, ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu asikope Bodi ya Mikopo ya serikali. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, baadhi ya kozi za afya zikiwamo (mwombaji ahakikishe kwanza kama uuguzi umo katika orodha), na marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa shilingi laki sita hiyo ni 90,000 kwa mwezi, fedha taslimu zinazotoka mfukoni, lakini mkopaji yuko huru kufanya kazi Kigoma, Mpanda au Dar es Salaam. Kwa kijana anayetoka kidato cha nne na ambaye hajui atapenda kuishi wapi, ningemshauri aanze na mkopo. Mtumishi aliye kazini tayari, mwenye nyumba Ipuli au Cheyo hapa Tabora mjini na mume anayefanya kazi reli, ana hesabu nyingine.

Jambo moja ambalo fomu hailigusi ni umri. Matangazo ya ajira za afya serikalini huwa na ukomo wa miaka 45. Mwenye miaka 38 anayekwenda kusoma miaka miwili, kisha akatumikia minne, atamaliza akiwa na 44, na tangazo likichelewa kidogo mlango umefungwa. Kwake mkataba huu ni uamuzi wa kubaki katika hospitali za mashirika hadi kustaafu, na aulize mapema kuhusu michango ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, na kupandishwa daraja baada ya kupata stashahada. Hapa hospitali inafanya vizuri: daraja hubadilishwa mwezi unaofuata kuwasilishwa kwa leseni, na mimi nililipwa bila kufuatilia.

Kwa nyota tano ninaipa tatu. Ingekuwa nne kama ada ingelipwa moja kwa moja chuoni, jambo ambalo, kwa kila anayefaulu, halingeiongezea hospitali gharama ya hata shilingi moja kwa mwaka. Mkataba huu unamfaa mtu ambaye angebaki hapo hata bila kufadhiliwa, na kwa mtu huyo ni mzuri kweli. Mdogo wangu ni mmoja wao, kwa hiyo amesaini, kifungu cha uzazi kikiwa bado kinasubiri bodi na barua yake ya pingamizi ikiwa imeambatanishwa. Anayetaka kuomba awamu ijayo amwombe katibu nakala ya mkataba kabla ya kujaza fomu. Huwa hakatai kuitoa, ila haitoi asipoombwa.