Super ama premium? Fungua kifuniko cha tangi kwanza, ndo tubishane

Haya jamani karibuni tena, leo sina gari mpya ya kuwaonyesha, tuko hapa tu Bamburi, Mombasa, na hii Toyota Fielder yangu mnayoijua, na hii ya pembeni ni Subaru Forester SH5 turbo ya jirani, kaniazima wiki mbili na masharti kibao. Manake kila nikifungua komenti swali ni lile lile, bro niweke super, ile petroli ya kawaida, ama niweke ile premium ya bei ya juu?

Ebu sogeza kamera hapa. Nafungua kifuniko cha mafuta... mnakiona hiki kistika? Kijapani. Watu wengi wanakiona kila siku miaka mitano na wanadhani ni pambo. Cha Fielder kimeandikwa regular, cha Forester kimeandikwa premium, kule Japani wenyewe wanaita haioku. Husomi Kijapani? Piga picha, itupe kwenye app ya kutafsiri, umemaliza. Hicho kistika kinajua gari yako kuliko mimi na kuliko binamu yako mwenye Subaru.

Tofauti ya hizi mbili ni okteni. Sasa okteni ni nini. Si nguvu, na si usafi pia, ingawa zile premium kina V-Power ya Shell na Excellium ya Total huwa zinawekewa dawa za kusafisha, hiyo ni hadithi nyingine. Okteni ni subira ya petroli. Pistoni inabana hewa na mafuta, vikibanwa vinapata moto, na petroli inatakiwa itulie ingoje moto unaoanzia kwa plagi uifikie. Ikikosa subira, kuna sehemu inalipuka yenyewe kule pembeni kabla haijafikiwa, hapo ndo unasikia injini inagonga. Na usichanganye na ile fundi anakwambia injini imenoki, ile ni beringi zishakwenda na uandae pesa. Turbo inashindilia hewa zaidi, kwa hivyo inataka mafuta yenye subira zaidi, basi.

Namba za okteni sasa. Japani regular kwa kiwango chao ni 89 kwenda juu, haioku ni 96 kwenda juu. Super yetu hapa Kenya ni 93, premium inauzwa kama 95. Piga hesabu mwenyewe, Fielder iliyoundiwa 89 ikinywa super ya kawaida ishapewa ziada bila kuomba. Na haioku kamili ya Mjapani hata premium yetu haijaifikia, imekaribia tu.

Twende kwa majaribio. Fielder nimeitia premium tangi tatu mfululizo, njia ile ile Bamburi mpaka mjini, foleni ile ile ya Nyali. Ilikuwa inanipa kilomita 14 na kidogo kwa lita, ikabaki 14 na kidogo. Mke wangu akasema imekuwa nyepesi, nikamwambia hii tangi ya leo ni super, akanyamaza. Kilichobadilika ni mfuko, manake EPRA, ile mamlaka ya serikali ya nishati na mafuta, ikitangaza bei tarehe 14 inatangaza super, dizeli na mafuta ya taa, ile premium kila kampuni inajipangia yake.

Forester sasa. Nimeijaza super, tukapanda watu wanne, AC imewashwa, saa saba mchana lile jua la kwetu, tukashika mlima wa kwenda Mazeras. Nikakanyaga taratibu isishushe gia, nikafunga redio. Jamani, ile sauti, kama mtu anatingisha njugu ndani ya mkebe, krr krr krr, inakuja ukikanyaga, ukiachia inakata. Halafu gari ikawa nzito, kwa sababu kompyuta ikisikia kugonga inachelewesha cheche kuokoa injini, kwa hivyo unachoma mafuta na nguvu hupati. Juzi nimerudi na premium, mlima ule ule, watu wale wale, njugu hamna. Si ati imekuwa roketi, imerudi tu kuwa gari.

Na wewe wa Nairobi unayesema Forester yako inakunywa super na haijawahi kugonga, inawezekana, uko mita 1,700 hivi juu, hewa nyepesi na baridi kidogo. Teremka nayo Mombasa mwezi wa pili halafu tuongee.

Kuna walioko Marekani wananiuliza mbona kwao wanaweka 87, si itaharibu? Hapana, wao wanapima kivingine, 87 yao ni kama 91 au 92 kwa kipimo chetu. Usilinganishe namba za pampu mbili bila kujua zinahesabu vipi.

Zile chupa za kuongeza okteni za dukani, nimenunua moja, imeandikwa pointi 3. Wengi wao pointi moja ni sehemu moja ya kumi, yaani 93 inakuwa 93.3, hahaha. Na nyingine zina madini ya chuma, utachomoa plagi uikute nyekundu kama kutu. Mimi siweki tena.

Ila gari ya regular ikianza kugonga ghafla baada ya kujaza mahali, usikimbilie premium, shuku mafuta yamechakachuliwa. Mafuta ya taa ndani ya petroli yanashusha okteni vibaya, na mwaka 2018 serikali iliyapiga ushuru wa shilingi 18 kwa lita kuzuia uchakachuaji, hasa wa dizeli. Mimi yalinikuta na petroli stesheni moja huko njiani, sitaitaja, nilifika nyumbani kwa ishirini kwa saa.

Haya, sharti la jirani lilikuwa gari irudi na tangi imejaa, na premium. Nimeangalia geji, iko robo. Ngoja niende nikaumie, risiti nitaweka hapo kwenye komenti.