Miguu ya bunduki ya kuwindia: ipi nyepesi, ipi kimya, na uanze na ipi

Nilimkosa kongoni dume kwa sababu ya springi. Nilikuwa nimelala kifudifudi kando ya kichuguu, upepo unanipiga usoni, yeye yuko kama mita 120 mbele, na kilichobaki ni kukunjua tu miguu ya bunduki, ile miwili inayofungwa chini yake mbele ili kuiegemeza. Mguu wa kushoto ukafyatuka na kulia kama mfuniko wa sufuria ulioanguka sakafuni. Dume likanyanyua kichwa, na kundi zima likaondoka nalo. Miguu ile niliinunua kwa bei chee, haikuwa hata na jina. Tangu siku hiyo, kabla sijauliza bei dukani, naikunjua na kuikunja mara tatu karibu na sikio.

Naandika kwa anayewinda kwa kutembea kwenye miombo ya Tanzania, leseni mkononi. Wa uwanja wa shabaha ana mahitaji mengine.

Ya kwanza: fimbo tatu. Najua umekuja kutafuta miguu miwili ya kufunga kwenye bunduki, lakini nisipoanza hapa nitakuwa sijakusaidia. Msimu unafunguliwa Julai, na wakati huo nyasi sehemu nyingi bado ziko kiunoni. Ukilala chini unaona mashina ya nyasi tu. Ndiyo maana wawindaji bingwa na wafuata nyayo hubeba fimbo tatu, zikafunguliwa mnyama anapoonekana, ukalenga umesimama. Za mianzi hutengenezwa kwa gharama ndogo: chagua mianzi mitatu mikavu inayokufikia kimo cha macho, ifunge pamoja karibu na ncha ya juu kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kisha zungushia mpira huohuo pale bunduki inapolala. Mpira juu ya mwanzi hautoi sauti. Kwa nyati sishauri kitu kingine. Bunduki ya .375, ile ya risasi nene ya wanyama wakubwa, tayari ni nzito bila kuongezewa miguu, na nyati hupigwa karibu, watu wamesimama. Hakuna nafasi ya kulala.

Ya pili: Spartan Javelin. Hii ndiyo ninayoipenda kati ya zinazofungwa kwenye bunduki. Miguu yake ni ya kaboni, na toleo jepesi halifiki gramu 200. Inashikwa kwa sumaku, kwa hiyo unatembea nayo mfukoni na bunduki inabaki nyepesi mbele. Ukifika, unaichomeka kwa mkono mmoja na kuvuta miguu taratibu, hakuna springi ya kukusaliti. Angalizo moja: usiiachie sumaku iivute yenyewe. Iongoze kwa vidole mpaka ikae, la sivyo utasikia mgoto wa chuma kwa chuma. Bei yake ni kubwa kuliko Harris kwa mbali, na kwa anayetembea kutwa nzima naona inastahili.

Ya tatu: Harris. Inatengenezwa Marekani na imeshazoeleka duniani kote. Ni ngumu, ina karibu gramu 400, na ukiitunza utamrithisha mwanao. Kwa porini chukua ile ya inchi 9 hadi 13, siyo ya 6 hadi 9, kwa sababu ile fupi haivuki hata visiki vya nyasi zilizoungua. Hakikisha jina la modeli lina herufi S: hiyo inayumba kushoto na kulia, nawe unaweza kunyoosha bunduki kwenye mteremko bila kuhamisha miguu. Springi zake ziko nje na zina kelele ukiziachia. Shika mguu kwa kiganja, ushushe mpaka ujifunge. Springi nazo ukizivisha tyubu nyembamba hazitavuma wala kunasa nyasi.

Ya nne: Magpul. Plastiki ngumu na alumini, zaidi kidogo ya gramu 300, na haina springi za nje zinazonasa majani. Ni kimya kuliko Harris. Nimeiweka chini kwa sababu ya urefu tu: inaishia kama inchi 10, na hiyo inafaa mbuga iliyoungua au mbuga tambarare yenye nyasi fupi.

Zisizo na jina, zile zinazong'aa na kuuzwa kwa bei ya mlo, ziache.

Kabla ya kulipa, nenda na bunduki yako yenyewe. Angalia kishikizo cha mkanda chini ya mbao ya mbele, ile inayobeba mtutu, maana miguu mingi hufungwa hapo: kikicheza, miguu nayo itacheza na kugonga kila hatua. Kisha, ukishafunga miguu, ilaze bunduki juu yake na upitishe kipande cha karatasi kati ya mtutu na mbao. Karatasi ikikwama, miguu inasukuma mbao ikagusa mtutu, na risasi itahama pale ulipozoea. Piga shabaha upya na miguu ikiwa imefungwa, risasi tatu mita 100, halafu tatu nyingine bila miguu, uone tofauti kabla hujaingia porini.