TAHADHARI: Muuzaji wa "350 iliyofumuliwa upya". Nimepewa 305 iliyopakwa rangi

Wakuu, nimechelewa kuandika haya kwa sababu ya aibu. Mtu anayejigamba kwamba anazijua V8 za Chevrolet (injini za silinda nane, ambazo huitwa kwa ukubwa wake wa inchi za ujazo: 305, 350 na kadhalika), halafu anaingizwa mjini kwa kopo moja la rangi ya chungwa, hana hamu ya kusimulia. Lakini tangazo limerudi hewani, na juzi kuna mwenzetu ameniuliza kama "ile injini ilikuwa nzuri". Basi aibu nimeiweka kando.

Gari langu ni Chevrolet Nova ya 1972. Lilikuja na V8 ya inchi za ujazo 307, kabureta ya midomo miwili, nguvu za farasi 130 kwa takwimu za kiwanda. Si gari la kumtisha mtu. Nilitaka 350 kwa sababu ile ile inayowavuta wengi: inakaa mahali pa 307 bila kukata wala kuchomelea chochote, gia boksi inashika pale pale, na vipuri vyake ni vya bei nafuu kuliko vya karibu kila V8 nyingine. Ukirudisha uhai gari la misuli (gari la zamani la Marekani lenye injini kubwa) kwa mfuko wa kawaida, njia ya 350 ndiyo wengi watakuelekeza.

Tangazo lilisema hivi: 350, bolti nne kwenye vifuniko vya beringi kuu, imefumuliwa upya, pistoni mpya, kamshafti mpya, hedi za Vortec, farasi 410, karatasi ya vipimo ipo. Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile wanayodai wengine. Na akasema atapunguza tena nikimpa injini yangu ya zamani. Hapo pa injini ya zamani pakumbukeni, nitaparudia.

Kwanza niseme kwa nini utapeli huu ni mwepesi. Chevrolet walianza kutengeneza V8 hii ndogo mwaka 1955 ikiwa na inchi za ujazo 265, kisha wakaiendeleza kwa miongo bila kubadili umbo la nje kwa kiasi cha maana. 283, 305, 307, 327, 350: zisimamishe mstari mmoja, zipake rangi moja, na hata fundi mzoefu atakuna kichwa. Tofauti iko ndani, kwenye upana wa silinda na mwendo wa pistoni. 350 ina silinda za inchi 4.00 na mwendo wa inchi 3.48. 305, iliyotoka mwaka 1976, ina silinda za inchi 3.736 na mwendo wa inchi 3.48.

Mmeona? Mwendo ni ule ule. Jamaa aliniambia kwa kujiamini kabisa, "Mwambie fundi wako apime mwendo wa pistoni, akikuta si 3.48 nakurudishia pesa yako yote." Fundi wangu alipima, akakuta 3.48 kweli, tukapeana mikono kama wajinga wawili. Muuzaji alitupa kipimo cha kweli ambacho hakithibitishi kitu. Kwa hilo pekee namvulia kofia, kisha namlaani.

305 si injini mbovu kwa kazi yake, iliwahudumia watu wengi katika magari ya kawaida. Tatizo ni kwamba silinda zake nyembamba haziachi nafasi ya valvu kubwa, kwa hiyo wanaotafuta nguvu huikimbia, na bei yake inalala chini. Ndiyo maana inafaa kuvalishwa jina la 350.

Sasa niwaambie yale ambayo macho yangu yaliona na akili ikakataa kuyasoma, maana mengi yalikuwa kwenye picha za tangazo lenyewe.

La kwanza ni hizo hedi za Vortec. Ni hedi nzuri sana kwa mtu wa bajeti; zilifungwa kiwandani kwenye 350 za magari ya mizigo kuanzia mwaka 1996, na watu huzisaka kwa sababu zinapitisha hewa vizuri kuliko hedi nyingi za zamani. Lakini zina alama ambayo huwezi kuificha kwa rangi. Menifoldi ya hewa kwenye Vortec inafungwa kwa bolti nane. Kwenye hedi za zamani ni kumi na mbili. Tena mifuniko ya valvu ya Vortec hushikwa na bolti zilizopita katikati ya mfuniko, wakati ile ya kabla ya 1987 inashikwa pembeni, kwenye kingo. Picha ya tangazo ilikuwa na bolti kumi na mbili juu na mifuniko ya kushikwa kingo. Hesabu ya mtoto wa chekechea. Niliitazama picha ile labda mara hamsini, kila mara naangalia jinsi kromu inavyong'aa.

La pili ni namba ya bloku. Nilimwomba picha ya namba iliyomwagwa pamoja na chuma, ile iliyoko nyuma kwenye ukingo unaoshika gia boksi. Akatuma: 3970010. Namba hiyo ni halali, ilitumika kwenye 302, 327 na 350, hivyo nikatulia. Sikujiuliza kwa nini kwenye picha ile ukingo una kutu ya kahawia, na injini anayoniuzia imepakwa rangi mpya hadi kwenye mashimo ya bolti. Ilikuwa picha ya bloku nyingine. Baadaye nilipokwangua rangi kwenye yangu (na ilikuwa nene, kama ya mlango) nikakuta namba tofauti kabisa. Ukiomba picha ya namba, mwambie aweke pembeni yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo, na picha ianze mbali ikionyesha injini nzima kisha isogee bila kukatika. Video ni bora zaidi. Akianza kusema simu yake haina nafasi, funga mazungumzo.

La tatu linaniuma kuliko yote, kwa sababu lilihitaji kalamu tu. Karatasi ya vipimo vya nguvu. Ilionyesha farasi 410 kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika, na kwenye mizunguko hiyo hiyo torki (nguvu ya kuzungusha) ya pauni-futi 340. Haiwezekani. Nguvu za farasi hazipimwi peke yake, zinatokana na torki: unazidisha torki kwa mizunguko, unagawa kwa 5,252. Piga 340 mara 5,500, gawa, unapata 356. Farasi 54 wametoka wapi? Na kwa kanuni hiyo hiyo, kwenye mizunguko 5,252 torki na farasi lazima ziwe namba moja, na mistari miwili kwenye grafu ikutane hapo. Kwenye karatasi yake haikukutana popote. Mtu alikaa na kompyuta akachora milima miwili inayopendeza.

Hapo pia kuna mtego wa takwimu za zamani. Alipenda kunipigia hesabu, "Yako ina 130, hii ina 410, mara tatu!" Hadi mwaka 1971 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ya injini ikiwa uchi juu ya stendi, bila feni wala mfumo wa moshi wa gari. Kuanzia 1972 takwimu za kawaida zikawa za injini ikiwa na mizigo yake yote. Injini ya LT-1 ya gari la Corvette ilitangazwa farasi 330 mwaka 1971 na 255 mwaka 1972, na haikuwa imedhoofika kiasi hicho. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kupima. Kwa hiyo mtu akilinganisha namba za pande mbili tofauti, ama hajui ama anakujua wewe hujui.

Injini ilifika imefungwa kwa plastiki, na bolti za sampu (beseni la oili chini ya injini) zimepigwa tone la rangi nyekundu. "Sili ya waranti," akasema, "ukigusa hapo waranti imekufa." Nikaheshimu. Tukafunga, tukawasha, ikaunguruma vizuri kwa siku nne. Presha ya oili ikiwa baridi ilisoma 50 psi. Ikipata moto, gari limesimama na injini inazunguka taratibu, ikawa inashuka chini ya 10. Kanuni ya mafundi ni kama psi 10 kwa kila mizunguko elfu moja, kwa hiyo nikajipa moyo kwamba niko ukingoni tu. Nikabadilisha oili kama desturi ya injini mpya. Iliyotoka ilikuwa nzito kama asali, imechanganywa na dawa ya kuongeza unene. Nilipoweka oili ya kawaida, ndani ya saa moja ikaanza kugonga. Kabla sijafika nyumbani ikanoki.

Tukashusha sampu. Beringi zilikuwa zimekwisha hadi shaba inaonekana. Vifuniko vya beringi kuu vyote vina bolti mbili mbili. Zile nne alizoahidi hazikuwepo hata kwenye kimoja. (Hili la bolti mbili au nne huwezi kulijua kwa nje, hivyo anayekukataza kushusha sampu amekujibu tayari.) Tukafungua hedi. Juu ya kila silinda kuna ukingo wa chuma unaoshika ukucha, yaani pistoni zimepanda na kushuka hapo miaka mingi bila mtu kugusa. Silinda iliyohonwa upya, yaani iliyosuguliwa ndani kwa mawe, huwa na mistari iliyokatana kama wavu. Hizi zilikuwa laini kama kioo. Venia, kile kipimo cha upana, ikasoma inchi 3.74 na kidogo.

Fundi akaniangalia, akacheka kwa huzuni. "Ndugu yangu, umempa 307, ukaongeza pesa, akakupa 305."

Ndiyo. Nimelipa ili nipunguziwe inchi mbili za ujazo.

Na hapa ndipo pa injini ya zamani. Nilidhani anaitaka kwa sababu ina thamani. Kumbe akishaichukua, wewe huna pa kurudi. Gari liko tupu, unataka kulisikia likiunguruma, kwa hiyo unafunga alichokuletea haraka bila kukipima. Pia anaondoka na bloku ya kupaka rangi kwa ajili ya mteja anayefuata. Sina ushahidi kwamba 307 yangu imeuzwa kama 327, ila sitashangaa. Injini yako ya zamani isitoke karakana hadi mpya iwe imefunguliwa na kupimwa.

Nilipompigia alisikiliza kwa upole, akasema tatizo nimefungua sili. Siku ya pili akasema fundi wangu ndiye aliyeharibu. Siku ya tatu namba haipatikani na akaunti imefutwa. Pesa nilizituma kwa njia ya kutumiana ndugu na marafiki, ile isiyo na kinga kwa mnunuzi, eti ili "tuepuke makato". Huduma ya malipo wakaniambia hawawezi kuzirudisha. Kama umelipa kwa kadi, wahi benki yako upinge malipo mapema, usisubiri ahadi zake za "wiki ijayo". Hifadhi tangazo lenyewe kwa picha kabla halijafutwa. Mimi nilikuwa na mazungumzo tu, tangazo lilishatoweka, na polisi jambo la kwanza waliloniuliza ni hilo.

Kwa mnaotafuta injini wiki hii, kama mimi wakati ule: mwambie muuzaji unakuja na fundi, hedi moja itafunguliwa mbele yenu na sampu itashuka, gharama za gasketi ni zako. Mwaminifu atalalamika kidogo kisha atakubali. Kama injini kweli imechongwa, juu ya pistoni huwa kuna namba ya ukubwa ulioongezwa, kwa mfano 030, maana yake silinda imepanuliwa kwa elfu thelathini za inchi, na 350 ya namna hiyo huwa 355. Kama hedi haiwezi kufunguliwa, kamera ndogo ya kuchungulia ikipita kwenye tundu la plagi itakuonyesha juu ya pistoni na ukuta wa silinda. Pima na kompresheni ya silinda zote nane. Na omba risiti ya karakana iliyochonga bloku, kisha wapigie wao wenyewe, si kwa namba anayokupa yeye.

Mimi sasa nimepata bloku ya 350 chafu, iliyotoka kwenye gari la mizigo, haina rangi hata tone. Tumeipima kabla sijatoa pesa. Iko kwa mchongaji. Kusema kweli, nikipiga hesabu ya nilichopoteza, ile 307 ingeweza kupata menifoldi ya aluminiamu, kabureta ya midomo minne, mfumo wa moshi wa bomba refu na kuwasha kwa elektroniki, na bado chenji ingebaki.

Jana usiku tangazo limerudi, akaunti mpya, jina jipya. Picha ni zile zile, hata doa la oili sakafuni lenye umbo la kiatu. Safari hii injini inaitwa 383, farasi 450. Hedi bado anaziita Vortec, na bolti kumi na mbili ziko pale pale.