Lenzi ya kukodi kwa siku moja: nilivyowapiga picha mwewe wa Feri

Nilikodi lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, Sigma ya milimita 150 hadi 600, kwenye duka moja la Kariakoo, shilingi 70,000 kwa siku, nikaacha na kitambulisho. Nilitaka kitu kimoja: mwewe anayekula huku anaruka.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Agosti, kipupwe kimekolea, upepo wa kusi unapenya mpaka ndani ya sweta. Kwanza niliomba ruhusa kwa uongozi wa soko, maana Ikulu iko pale pale Magogoni na lenzi ndefu namna ile inatia watu wasiwasi. Wakanionyesha pa kusimama na upande ambao kamera isielekee. Ukienda, usikwepe hatua hiyo.

Nusu saa nzima sikuambulia kitu. Wingu lilikuwa zito, na lenzi hii ukiivuta hadi 600 tundu lake la mwanga halifunguki zaidi ya f/6.3, ikabidi nipandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 ili shata ifike 1/2000 ya sekunde. Shata ikiwa ya polepole kuliko hapo, mbawa zinatoka ukungu mtupu. Halafu ina karibu kilo mbili. Vidole vilikufa ganzi.

Mzee mmoja anayepaa samaki akaniambia, "Mwanangu, achana na wale wa juu. Ngoja tumwage utumbo."

Kweli bwana. Mwewe hata hatui. Anashuka, anapitisha kucha juu ya maji, anaondoka na kipande, kisha anainamisha kichwa na kukila huko huko hewani, mkia wake wenye panda ukijipinda kumwongoza, kunguru nyuma yake wanampigia kelele. Fokasi ilimganda mmoja, picha 11 mfululizo. Kwenye ya saba, ukiikuza, unaona gamba la samaki limenata kwenye mdomo wake wa njano. Nilishangilia peke yangu pale ufukweni.

Kilichoniudhi ni duka. Picha zote zilizoelekea jua zilikuwa zimefifia kama zimemwagiwa maziwa. Nyumbani nikamulika lenzi kwa tochi ya simu: kuvu ndani ya kioo, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Mwenye duka alinirudishia 20,000 bila ubishi, lakini angeniambia mapema ningelipa jua mgongo tangu asubuhi. Mulikeni kabla ya kulipa. Mimi Jumamosi nawafuata tena mwewe, safari hii nachukua lenzi ile nyingine waliyonayo dukani, nimeshaimulika.