Daktari wa akili kwa video: daktari safi, maelekezo ya maandalizi hafifu

Huduma ninayoizungumzia ni ya kumwona daktari wa magonjwa ya akili kwa video, ukiwa kwako. Daktari mwenyewe sina neno naye. Kilichonifanya niandike ni ule ujumbe wa maandalizi wanaokutumia kabla ya miadi: chaji simu, kaa penye mwanga, hakikisha mtandao una nguvu, fungua kiungo mapema. Yaani wamemwandaa mgonjwa wa simu, mgonjwa wa akili wakamsahau.

Mimi ni mhasibu, kikao bila karatasi siwezi, kwa hiyo nilijiandikia ya kwangu. Nikaorodhesha dawa zote ninazotumia na miligramu zake, ya presha ikiwemo, pamoja na zile nilizowahi kutumia nikaziacha na sababu ya kuziacha. Daktari aliikalia orodha hiyo kuliko kitu kingine chochote. Aliuliza hata mitishamba, maana ipo inayouzwa kama kitulizo cha mawazo ambayo ikikutana na dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) hupandisha serotonini, kemikali inayobeba ujumbe kwenye ubongo, hadi kiwango cha hatari. Akauliza pia kama nimewahi kupima damu kuangalia tezi ya thairoidi, kwa kuwa tezi hiyo ikilegea humfanya mtu achoke na kukosa raha kama mwenye sonona. Majibu yangu ya maabara yalikuwa kwenye droo ya kazini. Mstari mmoja tu kwenye ujumbe wao, "weka karibu vipimo vyako", ungetosha.

Dodoso wanalotuma ni PHQ-9, la kupima ukali wa sonona: maswali 9, kila moja unajipa 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa ni 27, na alama zikizidi ndivyo hali ilivyo mbaya zaidi. Linahusu wiki mbili zilizopita tu, basi kama ulikuwa taabani mwezi uliopita na sasa umepata nafuu kidogo, alama zitakupendelea. Hilo liandike pembeni umwambie. Swali la mwisho linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Nililijibu kweli, na hakuna aliyepiga kelele. Daktari aliuliza taratibu kama mawazo hayo yana mpango wowote, nani yuko karibu nami, nini kinanizuia. Mwanzoni kabisa alikuwa ameniuliza niko mahali gani hasa, hadi jengo. Usihisi unachunguzwa, likitokea la kutokea, lazima ajue msaada autume wapi.

Jambo ambalo nisingelikumbuka mwenyewe aliliandika mume wangu: kwamba kuna vipindi nalala kidogo sana, siku ya pili nina nguvu za ajabu, naongea bila kituo na kununua vitu. Mimi nilikuwa nikiziita siku nzuri. Daktari alisimama hapo kwa muda mrefu, akaeleza kuwa mtu mwenye hali ya kupanda na kushuka namna hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake, inaweza kumrusha juu zaidi. Bila mstari ule wa mume wangu, sijui angeniandikia nini.

Kuhusu faragha, wanashauri hedifoni, nami naunga mkono nusu. Hedifoni humficha daktari; wewe unasikika hadi sebuleni. Mimi nilikaa ndani ya gari lililoegeshwa, vioo juu, na sauti ilitoka vizuri.

Miadi ya kwanza ilikaribia saa nzima, haikuwa na haraka. Zinazofuata ni fupi, kwa hiyo maswali ya dawa (lini itaanza kufanya kazi, nikisahau kidonge nifanyeje, naruhusiwa kuendesha?) yatangulize, usiyaache hadi anaaga.

Lawama yangu kubwa: ujumbe wa kukumbusha miadi unatokea kwenye kioo cha simu iliyofungwa, ukiwa na jina lote la kliniki na neno "akili" ndani yake. Wangu uliingia simu ikiwa mezani, katikati ya kikao cha kazi. Nimewaandikia, wamejibu kwa adabu, hawajabadilisha. Nimezima arifa zao na tarehe naziweka kwenye kalenda yangu kwa herufi moja tu, D. Nyota nne, na kwa daktari yuleyule nitarudi.