Maonyesho ya Guangzhou au Alibaba: kiwanda kidogo cha China kipite njia ipi?

Kiwanda kidogo cha Yiwu au Foshan kinachotafuta wanunuzi wa nje huwa na njia mbili kubwa: kukodi kibanda katika Maonyesho ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, au kufungua duka katika mtandao wa Alibaba, ulioanzishwa Hangzhou mwaka 1999.

Kwa gharama, mtandao unashinda mwanzoni, kwani ada yake hutumika mwaka mzima, ilhali kibanda huambatana na nauli, malazi na usafirishaji wa sampuli kwa siku chache tu. Hata hivyo, asiyelipia matangazo huzama chini ya orodha, na lazima awepo mtu wa kujibu maswali hata usiku wa manane, saa ambazo mnunuzi wa Marekani yuko kazini.

Kwa kuaminiana, naona maonyesho hayana mpinzani. Mnunuzi wa vigae hukigonga kigae kwa kidole, akausikiliza mlio wake, kisha akakigeuza aone mgongo. Picha haiwezi kumpa hayo.

Anayeuza bidhaa nyepesi kwa oda ndogondogo atafaidi zaidi mtandaoni. Mwenye vigae au mashine, mzigo wa kutosha kujaza kontena zima, akodi kibanda kwanza, akijua kwamba akikosa wateja atasubiri takriban miezi sita.