Mass Effect 3: Miaka Mitano ya Kumbukumbu na Dakika Kumi za Mwisho

Ndugu watazamaji, karibuni. Gemu ninayoichambua leo ni Mass Effect 3, iliyotengenezwa na studio ya BioWare ya Kanada na kutolewa na kampuni ya Electronic Arts mwezi Machi mwaka 2012. Ni sehemu ya tatu ya hadithi iliyoanza mwaka 2007 na kuendelea mwaka 2010. Kwa ambaye hajawahi kuicheza, hii ni gemu ya risasi na ya kuigiza mhusika kwa wakati mmoja: wewe ni Kamanda Shepard, mwanajeshi wa binadamu mwaka 2186, na mashine kubwa za kale ziitwazo Reapers zimeivamia Dunia pamoja na galaksi nzima. Kazi yako ni kuzunguka kwenye chombo chako, Normandy, ukiwapatanisha mahasimu wa karne nyingi ili wapigane vita moja.

Wahakiki waliipokea vizuri mno. Toleo la Xbox 360 lilipata wastani wa alama 93 kwa 100 katika Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki. Wachezaji nao wakaanza kuimaliza, na ndani ya wiki moja ikawa moja ya gemu zilizolalamikiwa sana mwaka ule. Nimeimaliza mara tatu, na kila nikirudi ninazidi kuamini kwamba pande zote mbili zilisema kweli, kwa sababu kila upande ulikuwa unaizungumzia sehemu tofauti ya gemu ile ile.

Ili kuyaelewa malalamiko hayo, ni lazima kwanza tuelewe ahadi. Mass Effect ilijengwa juu ya kumbukumbu. Faili ulilohifadhi katika gemu ya kwanza lilihamishiwa katika ya pili, na la pili likahamia katika ya tatu, likibeba nani uliyemwokoa, nani uliyemwacha afe, na neno gani ulimwambia nani. Mtu uliyemsamehe mwaka 2007 angeweza kukutokea mwaka 2012 akakuita kwa jina. Shepard wako hakuwa Shepard wa jirani yako, hata kwa sura, maana ulimchonga mwenyewe pua na taya. Ndiyo maana watu waliumia mapema kabisa walipowasha gemu ya tatu wakakuta sura waliyokuwa nayo tangu gemu ya kwanza haisomeki, wakalazimika kuichonga upya kwa kukisia au kusubiri sasisho. Lilikuwa kosa la kiufundi na lilirekebishwa, lakini kwa gemu ya namna hii ilikuwa kama kurudi nyumbani ukakuta kitasa kimebadilishwa.

Upande wa mapigano sina manung'uniko makubwa. Hii ndiyo inayopiganika vizuri kuliko zote tatu. Katika gemu ya pili aina ya mhusika uliyemchagua ndiyo iliyokuamulia silaha za kubeba; hapa kila mmoja anaweza kubeba silaha yoyote, ila uzito una bei yake. Ukijitwika bunduki nne nzito, nguvu zako maalumu zinachukua muda mrefu kujijaza upya, na ukibeba bastola moja tu zinarudi kwa kasi ya kushangaza. Mimi humchagua Vanguard, yule anayejirusha mwili mzima kwa adui, na nikiwa na bunduki moja nyepesi ninaweza kujirusha, kupiga, na kujirusha tena kabla adui wa pili hajageuka. Kero ninayoikumbuka ni kitufe kimoja kilichopewa kazi zote: kukimbia, kujibanza ukutani, kubiringika na kumwinua mwenzako aliyeanguka. Mara nyingi nimetaka kumwokoa mwenzangu nikajikuta nimekumbatia ukuta. Daftari la kazi nalo ni dhaifu, kwa kuwa halikuambii umefikia hatua gani. Na katika mazungumzo, Shepard anazungumza mwenyewe mara nyingi mno bila kukuuliza, jambo ambalo wachezaji wa tangu mwanzo waliliona haraka.

Sasa niwapeleke Tuchanka, kwa sababu ukiiona Tuchanka utaelewa kwa nini watu walikasirika baadaye. Tuchanka ni sayari ya Krogan, watu wakubwa wa kivita ambao zamani waliwekewa ugonjwa wa maabara uitwao genophage, unaowafanya wajifungue watoto wafu karibu kila mara. Walioutengeneza ni Salarian, jamii nyingine ya viumbe wa galaksi, na mmoja wa wanasayansi wao, Mordin Solus, aliyekuwa mwenzako katika gemu ya pili, aliwahi kushiriki kuuimarisha. Sasa Mordin anataka kuuponya. Kabla ya safari, kiongozi wa Salarian anakupigia na kukupa njia ya siri: uache hitilafu iliyowekwa katika mnara utakaoisambaza dawa ifanye kazi yake, dawa isifanye kazi, Krogan wadhani wamepona, nawe upate majeshi ya pande zote mbili.

Mnapofika chini ya mnara, unaungua na kuporomoka. Mordin anakuambia kwamba lazima mtu apande juu akairekebishe dawa kwa mkono, na kwamba mtu huyo hatarudi. Ukimruhusu, anaingia kwenye lifti, anapanda peke yake, anafanya kazi huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo wake wa kisayansi, kisha mnara unalipuka na dawa inashuka juu ya sayari kama chembe za jivu jeupe, Krogan wakiinyooshea mikono. Ukiwa umechagua usaliti, Mordin anaigundua hila, mnabishana, na hatimaye skrini inakuonyesha alama ya kubonyeza: ukibonyeza, unampiga risasi ya mgongo. Nilipofika hapo mara ya kwanza niliiweka pedi mezani.

Jambo la kustaajabisha ni jinsi gemu inavyokumbuka. Kama katika gemu ya kwanza ulimwacha Wrex aishi, ndiye anayewaongoza Krogan, na ukimdanganya atagundua, atakuja kukukabili, na itakubidi umuue. Lakini kama Wrex alikufa na nafasi yake ikachukuliwa na ndugu yake mpenda vita, na kama katika gemu ya pili uliharibu data ya tiba hata yule mwanamke wa Krogan aliyekuwa tumaini la amani akafa, basi Mordin mwenyewe anaweza kushawishika kwamba wakati wa tiba haujafika, akaondoka akiwa hai. Maamuzi ya gemu tatu yanakutana chini ya mnara mmoja. Sijaona gemu nyingine ya wakati ule iliyofanya jambo hili kwa ustadi kama huo.

Nieleze na sayari ya Rannoch kwa ufupi. Huko kuna Quarian na mashine walizoziunda wenyewe, Geth, ambazo ziliwafukuza nyumbani karibu miaka 300 kabla. Ukiwa umefanya mambo mengi kwa usahihi tangu gemu ya pili, unaweza kuwapatanisha, mashine na waumbaji wake wakaishi katika sayari moja. Tafadhali likumbukeni hilo.

Baada ya saa 30 au 40 za kukusanya majeshi, unafika London, unapigana usiku kucha, unapigwa na mwale wa Reaper, unajikokota ukivuja damu, na lifti inakupandisha mbele ya kiumbe mwenye umbo la mtoto. Anakueleza kwamba yeye ndiye anayewatawala Reapers, na kwamba wanafanya yote haya kwa sababu viumbe na mashine wanazoziunda hawawezi kamwe kuishi pamoja. Kisha anakupa njia tatu. Kulia, nyekundu, unawaangamiza Reapers pamoja na mashine zote zenye akili, Geth wakiwemo. Kushoto, buluu, unawatawala. Katikati, kijani, unaviunganisha viumbe vyote na mashine kuwa kitu kimoja. Unatembea hatua chache, unaangalia filamu fupi, na imekwisha.

Mchezaji aliyetoka kuwapatanisha Quarian na Geth, aliyeziona kwa macho yake mashine zikiwajengea Quarian nyumba, hapewi nafasi ya kusema, "Unakosea, nimetoka huko sasa hivi." Shepard, aliyebishana na kila mfalme na kila jenerali kwa gemu tatu, anasikiliza tu. Na filamu ile, katika toleo la kwanza, ilikuwa karibu ile ile kwa njia zote tatu, tofauti ikiwa rangi ya mlipuko. Wenzako uliokuwa nao London dakika chache kabla wanatoka ndani ya Normandy iliyoanguka katika sayari ya msituni, bila maelezo ya walivyofika. Malango makubwa ya kusafiria kati ya nyota yanalipuka, ilhali gemu yenyewe ilikwisha kutufundisha, katika nyongeza ya gemu ya pili, kwamba lango likilipuka linafuta mfumo mzima wa sayari. Mtu makini aliondoka akiamini ameua kila mtu aliyekuja kumwokoa.

Kabla gemu haijatoka, kiongozi wa mradi, Casey Hudson, alisema kwamba mwisho hautakuwa wa kuchagua A, B au C. Maneno yale yalirudi kwa nguvu.

Yalikuwapo na mengine yaliyokuwa yamekwisha kuwachosha wachezaji. Siku ile ile ya kwanza, mhusika Javik, wa mwisho wa kabila la kale lililo kiini cha hadithi nzima, aliuzwa pembeni kama nyongeza. Aidha, nguvu ya majeshi yako, iliyoamua ni miisho gani unaweza kuipata, ilizidishwa kwa asilimia iliyoanza na 50, na njia kuu ya kuipandisha ilikuwa kucheza mtandaoni kwa kushirikiana na wenzako, hadi wachezaji wanne kwa pamoja. Sehemu hiyo ya mtandaoni ilikuwa nzuri kuliko wengi walivyotarajia, lakini kumfungia njia mtu anayecheza peke yake, tena mwenye intaneti ya kusuasua, halikuwa jambo la haki.

Jinsi wachezaji walivyodai inastahili kukumbukwa. Wapo waliowatukana wafanyakazi wa BioWare wao binafsi, na hao ninawalaani waziwazi. Yupo aliyepeleka malalamiko kwa tume ya biashara ya Marekani akidai tangazo la uongo. Lakini wengi walidai kwa namna iliyonigusa: walichangisha zaidi ya dola 80,000 kwa shirika la Child's Play linalowapelekea watoto walio hospitalini michezo, ili dunia ijue kwamba hawana chuki. Wengine waliituma studioni shehena ya keki ndogo 402 zenye sukari ya rangi tatu, nyekundu, buluu na kijani, zote ladha moja ndani. Hoja nzima ilikuwa ndani ya keki. Studio ilizipeleka kwa makazi ya vijana wenye shida.

Lilikuwapo pia kundi lililoamini kwamba dakika zile zilikuwa ndoto, kwamba Reapers, ambao huitawala akili ya mtu taratibu, walikuwa wamemwingia Shepard. Walikusanya ushahidi hadi wa vivuli vya ndotoni na yule mtoto ambaye hakuna mwingine aliyemwona mwanzoni mwa gemu. Siikubali nadharia hiyo, lakini ninawaheshimu walioijenga, kwa sababu waliisoma gemu kwa makini kuliko walioiandikia mwisho.

Mwezi Juni mwaka 2012 BioWare walitoa Extended Cut, yaani mwisho uliorefushwa, bila malipo. Kiliongezwa kipande kinachoonyesha Normandy ikiwachukua wenzako, malango yakaonekana yameharibika badala ya kufuta kila kitu, na ikaja hitimisho inayosimuliwa na kuonyesha picha za watu uliowagusa: Krogan wakiwa na watoto, Quarian wakiwa kwao. Iliongezwa pia njia ya nne, ya kukataa, ambapo galaksi inashindwa lakini wanaokuja baadaye wanashinda kwa maarifa mliyowaachia. Nguvu ya majeshi iliyohitajika ilipunguzwa, hivyo mchezaji wa peke yake akafunguliwa mlango. Kwa maoni yangu toleo hili lilijibu swali la "ilikuwaje" na likaliacha lile la "kwa nini". Mtoto yule bado anasema yale yale juu ya mashine, na Rannoch bado haitajwi mbele yake kama hoja. Hata hivyo picha zile ziliwarudishia wachezaji walichokuwa wakikidai, yaani kuonyeshwa kwamba waliyoyatenda yalihesabiwa.

Nyongeza ninayoisifu kwa moyo wote ni Citadel, yenye jina la kituo kikubwa cha angani ndani ya hadithi, iliyotoka mwezi Machi mwaka 2013. Ndani yake Shepard anapewa nyumba, anawaalika wenzake wote walio hai, na usiku unapita kwa vicheko, kugombana na kukumbushana. Wasiokuwapo nao wanakumbukwa kwa ujumbe waliouacha. Wachezaji wengi, nami nikiwa mmojawao, huihesabu kuwa ndiyo kwaheri ya kweli.

Kwa anayetaka kuanza leo, ipo Legendary Edition ya mwezi Mei mwaka 2021, inayokusanya gemu zote tatu na karibu nyongeza zote za hadithi, Extended Cut na Javik vikiwa tayari ndani, na sehemu ya mtandaoni ikiwa imeondolewa. Kwenye kompyuta inahitaji nafasi ya GB 120, kwa hiyo pangeni kifurushi na diski mapema. Anzeni na ya kwanza hata kama mapigano yake ni mazito, chongeni sura yenu, na msiivamie kambi ya mwisho ya Cerberus, kundi la siri la binadamu mnalopigana nalo, kabla ya kuwaalika wenzenu wote Citadel. Na siku mtakaposhuka London, muwasikilize wanajeshi mnaowapita. Majeshi yale yana manowari zilizopewa majina ya milima mikubwa ya Dunia, na mojawapo inaitwa Kilimanjaro.